Mshono wa Nje

Ujumbe ulinikuta nimeinamia cherehani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, napigana na zipu ya sare ya shule. Sista Nekesa ametutoka, uliandikwa, mwili utasafirishwa kwao Kenya Ijumaa, wanaotaka kumuaga wafike nyumbani kwake Ntinda Alhamisi mchana. Niliusoma mara tatu. Halafu nikafanya jambo la kijinga: nikamaliza zipu. Wenzangu wakipata habari ya msiba hulia au hukaa chini, lakini mikono yangu mimi haijawahi kujifunza kusubiri, na huyo aliyekufa ndiye aliyenikaripia kwa tabia hiyo kuliko mtu yeyote. Nilipokata uzi ndipo machozi yalipokuja, tena kwa fujo, hata mwenye sare akaniuliza kama nimejichoma sindano.

Nyumba ya Ntinda ilikuwa imejaa. Uani paliwekwa turubai na viti vya kukodi, na jikoni wanawake wa kanisani kwake walikuwa wakibishana kama chai itiwe tangawizi au isitiwe, utadhani marehemu angekuja kuionja. Nilijibanza kwenye kochi la pembeni, pale alipokuwa akikaa Jumapili akinyoosha miguu yake mirefu, nikawa nasikiliza watu wakimsifu kwa mambo ambayo hata hakuyafanya. Mara mkono ukanyooshwa mbele yangu na kikombe cha chai. Mkono niliujua kabla ya uso. Ulikuwa mkono wa kulia, mgongo wake laini na wenye kung'aa kidogo, umepauka kuliko ngozi ya juu ya kiwiko, na katikati ya kidole cha shahada na cha kati palipita mstari mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kikombe hakikutikisika hata kidogo. "Prossy," nikasema, macho bado kwenye mkono.

"Fundi! Wewe unasalimia mukono, mwenye mukono unaacha!" Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na miwili, tangu nilipohamia Gulu na hata baada ya kurudi, na katika muda huo yeye alikuwa amenenepa, amefungua saluni yake mwenyewe si mbali na pale, na amepata sauti ya mtu anayeamuru wasichana sita kwa siku. Alinikagua kichwani, palipokuwa na nywele zangu zenye mvi, zimesimama kila moja na njia yake. "Banange! Hiyo kichwa ndiyo umeletea Sista? Hapana. Maliza chai, kuja nyuma ya nyumba nikusuke. Huwezi kusindikiza mutu na hiyo nywere." Miaka yote hiyo, na r ya Prossy bado inakaa pale penye l. Nilicheka kwa sauti, msibani, hadi mama mmoja akanigeukia kwa jicho kali. Kisha nikanywa chai yangu, nikauangalia ule mkono ukizunguka chumba na vikombe, na mwaka mzima tuliokaa pamoja zamani ukanirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na mdomo. Nilishona kwenye baraza la duka moja Makindye, karibu na kambi ya jeshi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupunguza sare za askari zilizokuja kubwa na kuongeza zile ambazo wenyewe walikuwa wamezizidi. Mzee wa kambini aliyenifundisha kushona alikuwa na kawaida moja: ukimpelekea nguo uliyoishona, hatazami nje kwanza. Anaigeuza, anatafuta mshono, na akiona hata uzi mmoja unachungulia upande wa nje, anakurudishia nguo bila neno ukaifumue yote. Nilifumua mwaka mzima. Baada ya hapo nikawa nashona mshono usioonekana kabisa, na kichwa kikanivimba. Nilikuwa nikiona mtu barabarani ana shati lenye mshono nje, namcheka mpaka anafika kona.

Sista Nekesa alinikuta hapo barazani, mwezi wa pili wa mwaka huo. Mwanamke mrefu, Mkenya, wa kutoka upande wa magharibi kule, hakuwa muuguzi bali mtaalamu wa viungo, ila Kampala yote ilimwita Sista na yeye alishachoka kusahihisha. Akatoa kwenye mkoba glavu ya rangi ya ngozi, ndogo, imechakaa. "Wewe ndio fundi? Unaweza kushona hii?" Nikaishika kwa vidole viwili. "Hii? Hii ni kitu ndogo, afande." Nilimwita afande kwa mazoea ya kambi, naye akaachia tabasamu la upande mmoja. "Haya, kitu ndogo. Nakuja jioni." Wee! Kitambaa kile kilikuwa kinavutika kama kimerogwa. Nikikishona kinakunjamana, nikikivuta uzi unakatika, na pale vidole vinapogawanyika mkasi wangu haukujua uingie wapi. Aliporudi jioni nilikuwa nimeharibu vipande vitano na nimekaa juu ya vipande hivyo asivione. "Inuka," akaniambia. Nikainuka. Alivihesabu vyote, akavitia kwenye mkoba, akasema, "Wengine huharibu viwili wanaacha. Wewe kesho kuja Mulago."

Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa ya kupanga, chini ya kilima cha Mulago penye hospitali kuu, vyumba vitatu na jiko. Watu walioungua walikuwa wakishatoka hospitalini, vidonda vimefunga, wanaletwa kwake ili makovu yasiwakunje. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu yenye mito midogo ya kuwekea mikono, kikinuka Vaselini na sabuni ya mche. Dirishani palining'inia kamba za katani za mazoezi ya vidole. Chumba cha nyuma ndicho changu: cherehani yenye mshono wa zigizaga, rafu ya nyuzi, na gunia la nguo za kuogelea za mitumba kutoka soko la Owino, kwa sababu kitambaa chenyewe cha kazi kilikuwa kinachelewa kufika, na nguo ya kuogelea ikikatwa vizuri inabana vilevile. Kwa hiyo wagonjwa wetu walivaa maua ya zambarau, mistari ya pundamilia, samaki. Mzee mmoja askari polisi, aliyeungua shingo, alivaa kola ya nyota za dhahabu miezi minane na ole wake mtu amcheke. Kati ya chumba changu na cha mbele hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu, na kupitia pazia hilo nilisikia mambo ambayo padri angelipwa kuyasikia.

Prossy alikuwa wa kwanza kunionyesha ngozi mpya. Alikuwa msusi. Kule saluni walikuwa wakimaliza kusuka rasta wanachovya ncha zake kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke, na siku hiyo stuli iliyoshika beseni ilivunjika mguu mmoja. Maji yalikuwa yanaelekea shingoni kwa mteja aliyekaa chini. Prossy aliyakinga kwa mkono. Alisimulia hivyo tu, "nilikinga", kama mtu anayesema alifunga mlango, kisha akafungua kitambaa. Mama yangu! Mimi nilidhani sisi watu weusi hatuwi wekundu. Mgongo wa mkono wake ulikuwa mwekundu kama tikiti maji lililoiva, pembeni ukigeuka zambarau, umevimba matuta matuta, unang'aa kama umepakwa asali. Nilitaka kutazama kwingine nikashindwa. Sikuwa naogopa, lazima niseme ukweli. Nilishangaa kwamba chini yetu sote kuna kitu kinachong'aa namna ile, kinachofanya kazi usiku na mchana bila kumwuliza mwenyewe.

Sista alinishika kidole gumba changu akakiweka juu ya kovu. "Finya. Sasa achia, hesabu." Nilipoachia palikuwa pamepauka, alama ya kidole changu kabisa, na kabla sijatamka moja damu ilisharudi mbio. "Umeona inavyokimbia? Hapo kovu bado linafanya kazi. Siku ikianza kuchelewa, linapoa. Siku utafinya na rangi isihame kabisa, hapo limemaliza." Nikamwuliza linafanya kazi gani. Alifikiri kidogo huku akimkanda Prossy, akizungusha gumba polepole. "Linajenga. Maji yalimwagika mara moja, ikaisha. Lakini kovu halijui kama imeisha, linadhani bado yanamwagika. Linaongeza ngozi, linaongeza, mpaka vidole vinashikana kama mguu wa bata. Sisi tunalibana, tunalikanda, tunalikinga na jua, kila siku tunaliambia imeisha, imeisha. Linasikia polepole sana." Prossy akadakia, "Hii yangu iko kiziwi." Tulicheka sote watatu, lakini mimi usiku kucha niliyawaza maneno yale, na kesho yake nikawahi kazini kuliko siku zote.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Nguo ya kovu hupimwa ikiwa ndogo kuliko mwili, kwa hesabu, si kwa kukisia; huvaliwa mchana na usiku, huvuliwa wakati wa kuoga na kukandwa tu; na mishono yake yote hukaa nje. Yote. Sista alinieleza siku ya kwanza nami nikaitikia ndiyo afande, lakini moyoni ilinikera. Kila glavu niliyomaliza ilinitazama na mishono yake imetokeza kama nguo iliyovaliwa kinyumenyume, nikajisikia kuwa mzee wa kambini yuko mlangoni anataka kunirudishia. Saa saba tulikula pamoja jikoni, wagonjwa na wasio wagonjwa. Sista alipika kile alichokiita ugali na sisi tukakiita posho, na ubishi huo haukuisha mwaka mzima: yeye akitaka uwe mgumu wa kushikika, Prossy akitaka ulainike, na mchuzi wa karanga uwe mwingi. Kula ilikuwa sehemu ya tiba. Sista alimlazimisha Prossy kumega tonge kwa mkono uleule wa kulia, akalifinyange hadi likae. Siku ya kwanza lilimponyoka likaanguka kwenye mchuzi ukaturukia usoni. Wiki ya tano alilimega, akalifinyanga, akalichovya, akala, na askari wa kola ya nyota alipiga makofi.

Ukutani Sista alibandika karatasi. Kila Jumatatu Prossy aliutandaza mkono juu ya karatasi, nami nikauchora kwa penseli kuzunguka vidole. Karatasi ya Machi ilikuwa kama ya mtu aliyevaa soksi mkononi. Ya Aprili ilianza kuonyesha nafasi. Mwisho wa Mei, kati ya shahada na cha kati ungeweza kupitisha kitana, na hapo ndipo palipokuwa na roho ya kazi yake, kwa maana msusi hugawanya nywele kwa vidole hivyo. Nafasi hiyo ikiziba, alituambia Sista bila kuzunguka, Prossy atarudi kupasuliwa, na hakuna anayeweza kuahidi vidole vitakavyotoka huko. Prossy alikuwa akisimama mbele ya karatasi zile kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Mwezi wa sita mdogo wake alikuwa na kwanjula, ile siku ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi. Nilimsikia Prossy kupitia pazia akimwambia Sista kwamba hataenda. "Gomesi nitavaa. Lakini watu watatazama mukono tu. Glavu iko na mishono nje, inafanana kama mguu ya kuku." Sista akamwambia aende na glavu yake na kichwa juu. Mimi nyuma ya pazia nilipata wazo, na wazo langu lilinipendeza mno. Katika gunia kulikuwa na vazi la kuogelea jeupe, jipya kabisa, lenye mng'ao wa hariri. Nilimwita Prossy pembeni, nikampima upya, nikamshonea glavu nyeupe yenye mishono ndani. Haikuonekana ilipoanzia wala ilipoishia. Hata mzee wa kambini angeigeuza mara mbili. Prossy alipoivaa aliupeleka mkono kwenye mwanga, akaanza kulia. "Bambi Fundi. Ni kama mukono ya zamani." Nilimwambia aivae siku mbili tu, za sherehe. Aliivaa siku tano. Nani angeivua?

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nakata kitambaa niliposikia Sista akivuta pumzi kwa kushtuka upande wa pili. Hakuwa mtu wa kushtuka. Nilichungulia kwa upenyo wa pazia. Pale kati ya shahada na cha kati ngozi ilikuwa imepasuka, mstari mmoja mrefu, mbichi, unaotoa maji, na wekundu uliokuwa umeanza kutulia ulikuwa umerudi kwa hasira na kupanda mpaka kwenye kifundo. "Nini imefanya hii?" Prossy alikuwa amevaa glavu ya zamani, ile ya mishono nje. Alitazama sakafu. "Nilijikuna, Sista. Nilivua glavu siku ya karamu, ikawasha sana, nikajikuna." Sista alimkaripia. Alimkaripia vibaya, kwa Kiswahili cha kwao na maneno ya Kiluhya juu yake, kwamba miezi minne ya watu imetupwa kwa ajili ya karamu, kwamba kuna wagonjwa wanaotamani nafasi yake. Prossy alipokea yote. Aliyakinga. Nami nilisimama nyuma ya pazia, mkasi mkononi, mdomo wangu wote ule niliojivunia umekauka, na sikutoka.

Sikutoka siku hiyo, wala ya pili. Kidonda hakiruhusu kubanwa, kwa hiyo Prossy alikaa bila glavu, na kovu likapata nafasi ya kujenga. Jikoni akawa anamega tonge kwa mkono wa kushoto. Nilipokutana naye mlangoni alininong'oneza, "Nyamaza, Fundi. Mimi atanisamehe, mimi mugonjwa. Wewe atakufukuza." Lo, sijawahi kuchukia wema wa mtu kama nilivyouchukia ule. Jumatatu nyingine ikafika, nikauchora mkono wake, na penseli haikupita kati ya vile vidole. Iliishia juu, palipokuwa na utando mpya, mwekundu, mnene. Nilitazama karatasi ya Mei na ile ya siku hiyo, zimebandikwa pamoja. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikaitoa glavu nyeupe ambayo Prossy alikuwa amenirudishia imefungwa kwenye leso, nikaileta mezani mbele ya wote. "Hakujikuna," nikasema. "Ni mimi."

Sista aliigeuza. Kama mzee wa kambini, aliigeuza ndani nje kwanza, akapitisha kidole juu ya mishono yangu mizuri. Nilisubiri kufukuzwa, nilishakusanya hata tepu yangu ya kupimia. "Umeshona vizuri sana," akasema, na sikusikia kejeli yoyote. Halafu akaigeuza tena ikawa kama ilivyokuwa. "Vaa." Ilinibana, kwa kuwa mkono wangu ni mkubwa kuliko wa Prossy, lakini iliingia. "Ushone nayo mpaka jioni." Saa ya kwanza haikuwa kitu. Saa ya tatu nilihisi kama kuna uzi wa moto kati ya vidole. Kufikia saa tisa sikuwa nasikia kitu kingine duniani, si redio ya jirani, si wagonjwa, nilisikia mshono tu. Saa kumi na moja aliniita, akanivua mwenyewe taratibu, akaweka mkono wangu mezani kando ya wa Prossy. Kila palipopita mshono wangu palikuwa na mstari mwekundu, umenyooka, hata tundu za sindano zilihesabika. Na kati ya shahada na cha kati mstari wangu ulikuwa palepale penye kidonda chake. "Wewe ngozi yako ni ya miaka kumi na tisa," Sista alisema. "Ya Prossy ina miezi sita tangu izaliwe. Ni mtoto mchanga. Yako kesho itasahau." Kweli, nilipoamka asubuhi mkono ulikuwa safi kabisa, hakuna alama hata moja. Nilikaa kitandani nikiugeuza huku na huku, mkono ambao sikuwahi kuushukuru kwa lolote, nikalia.

Hakunifukuza. Alitupa wiki nane, akazungushia tarehe kwenye kalenda ya jikoni: nafasi isipofunguka hadi siku hiyo, atamwandikia barua ya kwenda kupasuliwa. Kidonda kilipofunga nilimshonea Prossy glavu mpya kila baada ya siku kumi, maana uvimbe ukipungua kidogo tu glavu inalegea na inakuwa pambo. Mishono nje, yote, minene, inayoonekana kutoka upande wa pili wa barabara, na kati ya vidole nikaweka kipande cha silikoni laini alichokitoa Sista kwenye kabati lake la kufuli. Asubuhi na jioni nilimkanda kwa moo yaa, mafuta ya shea ya kwetu kaskazini, nikizunguka polepole, nikisema imeisha, imeisha, kwanza kwa utani, baadaye sikuwa natania. Sista alifungua kamba za katani dirishani akampa Prossy asuke hizo. Zilikuwa zinamponyoka. Alisonya, akatukana kwa Kiganda, akaanza tena. Wiki ya nne alisuka kamba moja mpaka chini, na siku hiyohiyo nilivua kitambaa changu kichwani nikakaa sakafuni mbele yake. "Nisuke mimi," nikamwambia. "Katani haina maumivu, haiwezi kukwambia ukikosea."

Mstari mmoja ulimchukua siku mbili. Nilitembea Makindye nzima na mstari mmoja wa nywele kichwani, upande wa kulia, na huku kwingine vichaka. Askari walinipigia saluti za dhihaka. Nilizipokea. Wa pili ulichukua siku moja, wa tatu asubuhi moja, na mimi niliyekaa chini kati ya magoti yake nilikuwa wa kwanza kujua kabla ya karatasi ya ukutani: kidole cha shahada kilikuwa kikiachana na mwenzake. Nilikisikia kichwani kikiingia peke yake, kikigawa, kikichukua nywele tatu nne kama zamani. Jumatatu ya kalenda ilipofika, Sista alinipa penseli. Penseli ilishuka pembeni mwa shahada, ikashuka, ikashuka, ikafika chini kabisa, ikageuka, ikapanda cha kati. Sista alibandua ile karatasi, akaiinua dirishani jua likapita ndani yake, akaangalia muda mrefu. "Enyewe," alisema mwishowe, "mimi nafanya hii kazi miaka mingi, na bado sielewi ngozi inasikiaje." Kisha akaenda jikoni kusonga ugali, na siku hiyo aliusonga laini.

Haya yote yalikuwa yakinipita kichwani pale Ntinda, kikombe kimeshapoa mkononi. Nyuma ya nyumba Prossy alikuwa ameshaweka kiti chake na mkeka wangu, na kitana amekibana kwa meno. Niliketi kati ya magoti yake. Alianza mistari ile ambayo Kampala tunaiita biswahili, haraka sana, kwa vidole visivyofikiri, huku akinisimulia jinsi Sista alivyokwenda saluni kwake hadi mwezi uliopita na kila mara akikagua mkono kwanza, ndipo anakaa. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu. Nusu nyingine nilikuwa na jambo langu, ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu: kwamba miaka yote hii, kila nikigeuza nguo nikaona mshono wangu uliofichika vizuri, mate yananikauka. "Prossy," nikasema, "nipe mkono." Akanipa juu ya bega langu bila kuuliza, kama anavyopewa daktari. Niliweka gumba juu ya ule mstari mwembamba kati ya shahada na cha kati, mshono wangu, nikafinya kwa nguvu, nikaachia. Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nilihesabu hadi kumi, naye aliniacha nihesabu. Rangi haikuhama.

"Imeisha," nikasema.

"Iliisha zamani, wewe," Prossy alisema, akauchukua mkono wake. "Inamisha kichwa."